Godzilla Minus One: maswali ambayo watazamaji hawachoki kuulizana

Filamu hii ilitoka Japani tarehe 3 Novemba 2023, na mpaka sasa watu hawajamaliza kuibishania. Yafuatayo ni maswali yanayojirudia kila inapotajwa. Baadhi ya majibu ni habari tupu, mengine ni maoni yangu, na utayatofautisha mwenyewe. Kama hujaiona na hutaki kumaliziwa uhondo, ishia pale utakapokuta neno ONYO.

Inahusu nini hasa?

Inamhusu rubani wa kujitoa mhanga ambaye hakujitoa. Mwaka 1945, vita vikielekea ukingoni, Koichi Shikishima anatua kisiwa cha Odo akisingizia kwamba ndege yake ni mbovu. Usiku huohuo dubwana, Godzilla mwenyewe, linapanda kutoka baharini. Mafundi wanamsihi aingie ndani ya ndege alipige kwa mizinga ya milimita 20. Anaingia, mikono inamganda, na kufikia asubuhi mafundi wote wameuawa isipokuwa mmoja, Tachibana, ambaye hatamsamehe.

Anarudi Tokyo na kukuta wazazi wake wamekufa na mtaa umekuwa majivu. Jirani yake, Sumiko, aliyefiwa na watoto wake, anamwona tu na kumtolea uchungu wote: watu kama yeye wangetimiza wajibu wao, nchi isingefika hapa. Kisha anatokea Noriko, msichana anayelea mtoto mchanga ambaye si wake, na hao watatu wanajikuta wanaishi chini ya paa moja bila ndoa wala undugu. Shikishima anapata kibarua cha kuondoa mabomu yaliyotegwa baharini wakati wa vita, kwa mashua ya mbao, kwa kuwa chombo cha chuma kingeyalipua yale ya sumaku. Mwaka 1946 Marekani inajaribu mabomu ya atomiki kwenye visiwa vya Bikini. Dubwana linaungua, linakua, na mwaka 1947 linashika njia ya Tokyo.

Lazima niwe nimeona zilizotangulia?

Hapana. Ni filamu ya 37 ya Godzilla ukichanganya za Japani na za Marekani, lakini haiendelezi hadithi ya yoyote kati ya hizo. Wenye kumbukumbu watatabasamu wakisikia jina la kisiwa cha Odo, kwa sababu ndicho kisiwa cha filamu ya kwanza ya 1954. Asiyejua hilo hakosi kitu.

Watu wanaisifia nini zaidi?

Jibu linalotangulia karibu kila mara ni hili: "Niliwajali watu." Katika filamu za madubwana huwa tunawavumilia binadamu tukisubiri mnyama arudi. Hapa mambo yamegeuka, mnyama anapotokea unaogopa kwa sababu kuna mtu usiyetaka afe. Sumiko, yule jirani mwenye ulimi mkali, ndiye anayetoa mchele wake mweupe wa akiba mtoto apikiwe uji. Tukio hilo ni la dakika chache tu, lakini limetajwa na watazamaji wengi kuliko majengo mengi yanayobomolewa.

Baada ya hapo wanataja mbio za baharini. Godzilla anaifukuza ile mashua ya mbao, kichwa tu kikiwa juu ya maji, na watu wanne ndani yake hawana silaha ila mabomu waliyoyaopoa. Wanamrushia bomu moja linaingia mdomoni, wanalilipua, nusu ya uso wake inachanika, halafu nyama inaanza kujirudisha mbele ya macho yao. Kwangu mimi hilo ndilo tukio bora la filamu nzima, kupita hata lile la Ginza.

Na Ginza yenyewe. Dubwana linatembea katikati ya mtaa huo wa maduka jijini Tokyo, linabeba behewa la treni kwa meno, na ule muziki wa Akira Ifukube, uliotungwa kwa ajili ya filamu ya 1954, unaingia. Ghafla mapezi ya mgongoni yanatokeza moja baada ya jingine, pumzi yake ya moto inafyatuka, sauti inakatika kabisa, kisha upepo wa mlipuko unapita na baadaye unarudi kinyume. Mvua nyeusi inanyesha. Mjapani hahitaji kuelezwa mvua hiyo inatoka wapi, maana baada ya bomu la Hiroshima ilinyesha mvua nyeusi kweli. Waliosema ukumbi mzima ulikaa kimya wakati huo, nawaamini.

Ni kweli ilitengenezwa kwa pesa kidogo?

Ni kweli kwa vipimo vya Hollywood. Mwongozaji Takashi Yamazaki alisema haikufika dola milioni 15, wakati filamu za Marekani za dubwana hilihili hutumia zaidi ya milioni 100. Picha 610 za kompyuta zilifanywa na watu 35 tu, katika studio ya Shirogumi. Yamazaki aliandika hadithi, akaongoza, na akasimamia picha za kompyuta yeye mwenyewe. Hakukuwa na safari ya barua pepe kati ya mabara manne kuuliza kama maji yawe ya buluu zaidi. Alikuwa anasogeza kiti hadi meza ya pili na kusema "rudia hapa".

Tarehe 10 Machi 2024 timu hiyo ilipewa Oscar ya madoido ya picha, na kuwa filamu ya kwanza ya Godzilla kuteuliwa na kushinda tangu 1954. Usiku huohuo filamu bora ilitangazwa kuwa Oppenheimer, yaani habari za mtengeneza bomu na habari za mtoto wa bomu zilipanda jukwaa moja. Kwa sisi wasomaji wa Kiswahili kuna uzi wa tatu ambao hautajwi katika filamu yoyote kati ya hizo mbili: sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika bomu la Hiroshima ilichimbwa Shinkolobwe, kule Katanga, Kongo.

Wanaoshangilia bajeti hiyo wakumbuke pia kwamba mishahara na saa za kazi za wasanii wa picha nchini Japani ni malalamiko ya siku nyingi. Sifa ya "kwa bei rahisi" ina mtu anayeilipia.

Mbona Godzilla mwenyewe haonekani sana?

Anatokea mara nne za maana: Odo, baharini, Ginza, na pambano la mwisho katika ghuba ya Sagami. Anayekwenda kutazama madubwana mawili yakirushiana maghorofa atatoka amenuna, na ana haki. Ila kila anapotokea kuna jambo linabadilika, hatokei ili kutuamsha usingizini. Urefu wake ni mita 50 hivi, sawa na yule wa 1954, mfupi sana karibu na yule wa mita 118.5 wa mwaka 2016. Ufupi huo unasaidia: yuko kimo cha majengo ya wakati ule, na uso wake uko karibu na nyuso za watu.

Uigizaji mbona una makelele?

Hili ni lalamiko la haki nusu. Ryunosuke Kamiki, anayeigiza Shikishima, analia, anatetemeka, anapiga kelele. Mtazamaji aliyezoea waigizaji wanaoficha hisia huona ametia chumvi. Wapo Wajapani wanaolalamika vivyo hivyo, hasa kwamba watu wanaeleza kwa mdomo kitu ambacho picha imeshakisema. Hapo nakubaliana nao. Lakini kelele anayoipiga chini ya mvua nyeusi nisingeipunguza hata kidogo, na kwa wengi wetu tuliokulia kwenye sinema za Kihindi, machozi si kosa la uigizaji.

Na wanawake je?

Lalamiko hili lina uzito. Noriko, anayeigizwa na Minami Hamabe, ana ujasiri, anakwenda kutafuta kazi Ginza ili asimtegemee mtu, na ananing'inia kwenye treni iliyo mdomoni mwa dubwana. Hata hivyo filamu inamhitaji zaidi kama sababu ya Shikishima kutaka kuishi au kufa. Sumiko ameandikwa vizuri kumzidi, kwa maneno machache. Katika mpango wa kumuua Godzilla wanaume ndio wanaokaa kwenye viti na kunyoosha mikono.

Ule mpango wa mapovu unawezekana?

Wazo lake linaeleweka. Chombo huelea kwa sababu maji yanakisukuma juu. Ukiyajaza maji mapovu ya gesi, yanakuwa mepesi na nguvu hiyo inapungua. Bwana Noda, mhandisi wa zamani wa jeshi la majini, anataka kumzungushia Godzilla mitungi ya gesi ya freoni ili azame kwa ghafla hadi mita 1,500, ambako maji hubana kwa nguvu mara 150 hivi ya hewa tunayovuta. Akipona, maputo yajazwe hewa yamvute juu upesi ili tofauti ya shinikizo imalize kazi, kama inavyomtokea samaki wa kina kirefu anayevutwa haraka. Kama lingefanya kazi kwa mnyama anayeota nyama upya, kila mtu na imani yake. Nilipenda kwamba ni mpango wa watu maskini: gesi, kamba, maputo, na meli zilizonyang'anywa silaha.

Meli na ndege zile zilikuwepo kweli?

Zilikuwepo, na hapo wapenzi wa historia ya vita hupata usingizi mtamu. Manowari Yukikaze na Hibiki ziliponea vita kweli. Takao, ile inayopigana na Godzilla na kuzamishwa, katika maisha halisi haikurudi nyumbani. Iliharibiwa, ikabaki Singapore, na Waingereza wakaizamisha mwaka 1946. Ndege ya Shikishima ya mwisho ni Shinden, yenye rafadha nyuma na mabawa madogo mbele. Iliruka mara chache tu mwezi Agosti 1945 na haikuwahi kupigana. Mfano wa ukubwa kamili uliotengenezwa kwa ajili ya filamu ulipelekwa baadaye kwenye jumba la makumbusho la Tachiarai, mkoa wa Fukuoka.

Kwa nini wengine wanasema inatukuza jeshi la Japani?

Swali hili ndilo linalogawa watu kuliko yote, na jibu la sentensi moja halitoshi.

Wanaolalamika wana hoja tatu. Ya kwanza ni mwongozaji mwenyewe: mwaka 2013 alitoa The Eternal Zero, kuhusu rubani wa kujitoa mhanga, na ilishutumiwa kwamba inapamba vifo vile. Ya pili ni kwamba wanaookoa nchi ni maveterani wa jeshi la majini, wakirudi kwenye meli zao na kupigiana saluti huku muziki ukipanda. Ya tatu ni kimya. Mwaka 1947 Japani ilikuwa chini ya utawala wa Wamarekani, lakini Wamarekani hawaonekani. Tunaambiwa tu kwamba hawataingilia kwa kuogopa kuuchokoza Umoja wa Kisovieti. Na waliovamiwa na Japani, Wakorea, Wachina, watu wa kusini mashariki mwa Asia, hawatajwi kabisa. Mateso yote ni ya Mjapani.

Wanaoitetea wanaonyesha hotuba ya Noda usiku wa kuamkia pambano. Anasema nchi hii iliuza roho za watu wake kwa bei rahisi: vifaru vyenye chuma chepesi, askari waliokufa kwa njaa na maradhi kwa kukosa chakula, ndege zisizo na kiti cha kumrusha rubani nje, na mwisho wa yote vikosi vya kujitoa mhanga. Safari hii, anasema, tunakwenda kupigana ili tuishi. Kila mtu anaruhusiwa kukataa kwenda, na wapo wanaoondoka bila kuzomewa. Serikali haipo kwenye mpango huo; ni raia waliokubaliana wenyewe. Sioni jinsi filamu yenye hotuba hiyo inavyoitwa tangazo la jeshi.

Ila hoja ya kimya naiona ni ya kweli, na hapa kwetu ina majina ya mahali. Askari wa King's African Rifles kutoka Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasaland walipelekwa Burma kupigana na Wajapani. Tarehe 12 Februari 1944, nyambizi ya Kijapani I-27 iliizamisha meli Khedive Ismail iliyokuwa ikitoka Mombasa kwenda Colombo, na watu wapatao 1,300 wakafa, wakiwemo wapiga mizinga wengi wa Afrika Mashariki. Mjukuu wa mmoja wao anaweza kumhurumia Shikishima kwa moyo wote na bado akajiuliza kwa nini ndani ya saa mbili hakuna mtu hata mmoja anayekumbuka nani mwingine alikufa.

ONYO: kuanzia hapa mwisho unatajwa. Je, mwisho umeharibu filamu?

Mitaani tuna sheria yetu: steringi hafi. Shikishima anaiingiza Shinden yenye mabomu ndani ya mdomo wa Godzilla, tunadhani hatimaye ametimiza kile alichokikimbia, kisha mwavuli unafunguka angani. Tachibana, yule fundi mwenye kinyongo, alikuwa ameweka kiti cha kumrusha nje na kumwambia aishi.

Baadhi ya watazamaji wanaona huo ni uoga wa mwandishi. Mimi naona ndio uti wa filamu. Katika ile ya 1954, Daktari Serizawa anajiua chini ya maji pamoja na dubwana ili silaha yake isije ikatumiwa tena. Miaka karibu 70 baadaye filamu inamchukua mtu aliyefundishwa kwamba kufa ndiyo heshima, inamfikisha ukingoni kabisa, na kumrudisha. Angekufa, maneno yote ya Noda yangekuwa porojo.

Noriko ni kesi nyingine. Tumemwona akipeperushwa na upepo wa mlipuko, tumezika, tumelia, halafu inakuja simu ya maandishi na yuko hospitalini amefungwa bandeji. Hapo hata mashabiki wakubwa wanagawanyika katikati. Kwangu ni zawadi iliyozidi. Waliolia kwa furaha hawanikeri, lakini kama kifo cha Ginza kinafutika, mvua nyeusi nayo inapungua uzito.

Na lile doa jeusi shingoni mwake?

Linapanda ngozini kama kitu kilicho hai, kamera inakaa nalo kidogo, kisha tunaonyeshwa kipande cha Godzilla kikijiunda upya chini ya bahari. Wengi wanasoma hivi: seli za dubwana ziko ndani yake, na ndiyo sababu hakufa. Wengine wanaona ni ugonjwa wa mionzi, kama uliowapata manusura wa Hiroshima na Nagasaki, ukianza polepole. Usomaji wa pili unaupa mwisho ule uchungu ambao furaha ya hospitalini imeuondoa, kwa hiyo ndio ninaoushika.

Ni bora kuliko Shin Godzilla? Kuliko ya 1954? Kuliko za Marekani?

Shin Godzilla ya 2016, ya Hideaki Anno na Shinji Higuchi, ni filamu ya vikao. Mawaziri wanahama chumba hadi chumba kutafuta nani asaini, huku dubwana likibadilika umbo nje. Ilizaliwa na tetemeko, tsunami na ajali ya nyuklia ya Fukushima mwaka 2011, na inachekesha kwa uchungu. Hakuna mtu wa kumpenda ndani yake, na haikukusudiwa awepo. Zote mbili zilichukua tuzo ya filamu bora ya Japani. Anayeuliza nchi inafanyaje kazi ataipenda Shin. Anayeuliza mtu anaishije na aibu yake ataipenda Minus One. Mimi niko upande wa pili, kwa tofauti ndogo.

Ya 1954, ya Ishiro Honda, bado haijapitwa. Mwezi Machi mwaka huohuo wavuvi wa meli Daigo Fukuryu Maru walinyeshewa majivu ya bomu la hidrojeni la Marekani, na mmoja wao akafariki Septemba. Filamu ikatoka Novemba. Watu waliokaa kwenye viti vile hawakuwa wanatazama historia.

Za Marekani ni chakula kingine. Huwezi kuilaumu chipsi mayai kwa kutokuwa pilau.

Naweza kuiangalia na watoto?

Marekani iliwekewa alama ya PG-13, yaani wazazi wanaonywa kwamba huenda haiwafai walio chini ya miaka 13. Damu si nyingi, ila wapo watu wanaotafunwa na kurushwa, na kuna huzuni ambayo mtoto wa miaka saba hataielewa na bado itamtisha. Zaidi ya hapo, atachoka: saa mbili na dakika tano, nyingi ni mazungumzo.

Ya rangi au ile nyeusi na nyeupe? Kijapani au iliyotiwa sauti?

Anza na ya rangi. Ile isiyo na rangi, iliyotoka Januari 2024, ni tamu kwa mara ya pili: Ginza inaonekana kama picha za magazeti ya zamani, na madoido yanajificha vizuri zaidi gizani. Lugha, bakia na Kijapani ukisoma maandishi ya chini. Sauti za kubandika zinazifanya zile kelele za Kamiki kuwa mbaya zaidi. Iliingia Netflix Juni 2024, ingawa kilichomo Netflix hutofautiana nchi kwa nchi.

Kutakuwa na nyingine?

Ndiyo. Kampuni ya filamu ya Toho imeshatangaza Godzilla Minus Zero, na Yamazaki anaandika na kuongoza tena. Watu wa doa la shingoni wameshaanza kudai kwamba walisema mapema.